Mama Si Mgeni Katika Chumba cha Watoto Njiti

Mtoto anapozaliwa kabla ya siku zake, mara nyingi hupelekwa chumba cha njiti, na mama hubaki wodi nyingine akisubiri kuitwa. Saa ya maziwa ikifika huitwa, hunyonyesha au hukamua, kisha huambiwa arudi kitandani kwake. Akina mama wengi hukubali, wakidhani mashine inajua zaidi kuliko wao.

Mwaka 1978, huko Bogotá, mji mkuu wa Kolombia, mashine za joto hazikutosha. Watoto walilazwa zaidi ya mmoja katika mashine moja, wakaambukizana magonjwa. Daktari Edgar Rey Sanabria akaanza kuwarudisha kwa mama zao, wabebwe kifuani, ngozi kwa ngozi. Njia hiyo ikaitwa ya kangaruu, yule mnyama wa Australia abebaye mtoto mfukoni.

Hata hivyo, kwa miaka mingi ilishauriwa mtoto atulie kwanza ndipo mama apewe. Lakini njiti wengi hufariki katika siku hizo hizo za kusubiri! Ndipo Shirika la Afya Duniani lilipofanya utafiti katika hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, vitanda vya akina mama vikiwekwa ndani ya chumba cha watoto. Matokeo yalitolewa mwaka 2021. Kati ya watoto 100 waliobebwa mapema, 12 walifariki kabla ya kutimiza siku 28; kati ya waliosubiri, karibu 16. Mwaka 2022 Shirika likashauri mtoto abebwe mara tu baada ya kuzaliwa, saa 8 hadi 24 kwa siku, isipokuwa yule asiyeweza kupumua mwenyewe au mwenye hali mbaya sana.

Kubeba kwenyewe si kugumu. Mtoto hubaki na napi, kofia na soksi tu. Huwekwa wima kati ya matiti, kichwa kikigeuzwa upande apate kupumua, miguu ikikunjwa kama ya chura, kisha hufungwa kwa kitenge. Asiyeweza kunyonya hupewa maziwa ya mama kwa kikombe au kwa mrija. Na mama aliyembeba ndiye hutambua upesi kwamba mtoto amenyamaza kupumua au amebadilika rangi, akamwita muuguzi.

Lakini ni nani awezaye kubeba mchana na usiku peke yake, naye ni mzazi mwenye maumivu? Hata kuoga anataka. Bibi ampokee. Baba naye ana kifua! Na sisi tunaokwenda kutazama wagonjwa, badala ya kusimama tukiuliza, “Mbona mdogo hivi?”, tupeleke uji wa moto na kufua vitenge.

Wewe uliye wodini leo, usingoje kuitwa. Uliza: “Sista, naweza kuanza kumbeba mwanangu sasa?” Akisema bado, uliza ni kwa nini, na ni lini.