Kanuni za Vyakula na Vinywaji Viuzwavyo Shuleni

Mzazi ampaye mtoto wake fedha za kununulia chakula shuleni hutumaini kwamba kinachouzwa huko kitamfaa. Lakini mfanya biashara hutafuta faida, na mwili wa mtoto una mahitaji yake, wala mambo haya mawili hayapatani siku zote. Katika England, iliyo sehemu kubwa ya Uingereza, Serikali iliingilia kati kwa kuweka sheria. Yafaa wazazi wa kila nchi waifahamu habari hiyo.

Hapo zamani adui wa watoto wa England alikuwa njaa. Sheria ya mwaka 1906 iliziruhusu halmashauri kuwalisha watoto wa shule waliokosa chakula. Sheria ya mwaka 1944 ikaufanya mlo wa mchana kuwa wajibu wa wenye mamlaka ya elimu, na tangu mwaka 1946 watoto wa shule walipewa maziwa bure, theluthi moja ya painti kila siku.

Mwaka 1980 sheria nyingine ilizifuta kanuni za ubora wa chakula cha shule. Basi chipsi, soda na peremende zikaenea, na mashine za kuuzia vitu hivyo zikawekwa ndani ya majengo ya shule. Adui mpya akaingia, yaani meno kuoza na unene uliopita kiasi.

Kanuni chache zilirudishwa mwaka 2001. Mwaka 2005 mpishi maarufu Jamie Oliver alionyesha katika televisheni vyakula walivyolishwa watoto, na watu zaidi ya 270,000 wakatia sahihi zao kuiomba Serikali ibadili mambo. Kanuni kali zaidi zilianza Septemba 2006 kwa mlo wa mchana, na Septemba 2007 kwa maduka na mashine za shuleni.

Si wazazi wote waliofurahi. Mwaka huo wa 2006, karibu na mji wa Rotherham, akina mama wachache walikwenda kwenye ua wa shule moja wakawapitishia watoto chipsi na vyakula vingine kutoka madukani, wakisema kwamba watoto hawakukipenda chakula kipya. Jambo hilo laonyesha kwamba amri peke yake haitoshi. Ulimi wa mtoto huzoea ladha mpya polepole, na mzazi asiyeelezwa sababu ya kanuni huiona kuwa ni uonevu.

Mwezi wa Januari 2015 kanuni hizo ziliandikwa upya kwa namna iliyo nyepesi kufahamika. Zilizo kubwa ni hizi:

Kwanza, maji safi ya kunywa yapatikane bure wakati wote.

Pili, peremende na chokoleti zisiuzwe kabisa. Vitafunio vilivyoruhusiwa ni matunda, mboga, njugu na mbegu, navyo visitiwe chumvi, sukari wala mafuta. Keki na biskuti ziliachiwa saa ya mlo wa mchana tu.

Tatu, vyakula vilivyokaangwa kwa kutumbukizwa katika mafuta visitolewe zaidi ya mara mbili kwa juma.

Nne, maji ya matunda yasizidi mililita 150, na vinywaji vilivyochanganywa visizidi mililita 330, wala sukari au asali iliyoongezwa isipite sehemu 5 katika kila 100.

Sababu yake ni hii. Kopo moja la soda ya kola la mililita 330 huwa na sukari gramu 35 hivi, karibu vijiko 9 vya chai. Waganga wa Uingereza hushauri kwamba mtoto wa miaka 7 hadi 10 asipate zaidi ya gramu 24 za sukari ya namna hiyo kwa siku nzima. Kwa hiyo kopo moja tu humpitisha mpaka. Tena vijidudu vilivyomo kinywani hula sukari hiyo na kutoa asidi, na asidi hiyo huyala meno. Hata maji ya matunda yamewekewa kipimo, kwa kuwa tunda likikamuliwa sukari yake huachiliwa, hali tunda zima haliwi hivyo.

Kanuni hizi hazikugusa sherehe, wala chakula anachofungiwa mtoto nyumbani. Hapo mlinzi ni mzazi mwenyewe.

Katika Kenya pia mwanafunzi hukuta maandazi, chipsi na soda karibu na lango la shule. Lakini ndizi, chungwa, njugu zisizo na chumvi na maji safi hupatikana sokoni na nyumbani, na mara nyingi kwa bei ndogo kuliko soda. Mzazi akimzoesha mtoto vitu hivyo tangu utotoni, humwachia meno mazima na mwili wenye afya, mali asiyoweza kuinunua baadaye.