Nambari Tasa Si Tasa

Waliotuundia istilahi ya “nambari tasa” walitupa neno tamu, ila lina kasoro moja. Tasa ni asiyezaa. Je, 7 haizai? Tazama 14, 21, 28 na wengine wasiohesabika. Kinachokosekana kwa 7 si watoto bali wazazi: hakuna nambari mbili ndogo kuliko yenyewe ambazo zikizidishwa huileta. Abiria wa Buruburu aliyepanda matatu nambari 58 amebebwa na mtoto wa 2 na 29. Mwenzake wa Eastleigh, katika nambari 9, amebebwa na mtoto wa 3 na 3.

Nasaba hiyo haisikiki sana madarasani. Kuanzia Makadara hadi Dandora, mtoto hukaririshwa 2, 3, 5, 7, 11, tena kwa Kiingereza, mpaka afike 97, kisha orodha ikafungwa kana kwamba hapo pana ukuta. Ni nadra aulizwe amejuaje kuwa 97 ni tasa. Jibu ni jepesi: aigawe kwa 2, 3, 5 na 7, basi. Hana haja ya 11, kwani 11 mara 11 ni 121, imekwisha kuipita 97.

Kwa nambari kubwa mno njia hiyo haifai. Mnamo Oktoba 2024 ilitangazwa nambari tasa iliyopita zote zilizokuwa zikijulikana: 2 kwa kipeo cha 136,279,841, ikapunguzwa 1. Ina tarakimu 41,024,320. Mwanafunzi akiziandika 1,000 kila ukurasa, atamaliza madaftari 205 ya kurasa 200 na kuanza la 206. Mmarekani Luke Durant aliipata kwa kompyuta zilizotawanyika katika nchi 17.

Lakini kipimo kilichoithibitisha kinatosha kwa kalamu ya risasi. Asili yake ni Mfaransa Édouard Lucas wa karne ya 19, na D. H. Lehmer akakinyoosha mwaka 1930. Kwa nambari za sampuli hii, anza na 4. Izidishe kwa yenyewe, toa 2, gawanya kwa nambari unayoichunguza, shika baki tu, urudie. Hatua ni kipeo ukitoa 2.

Chukua 31, yaani 2 kwa kipeo cha 5, ukatoa 1. Hatua ni tatu. Ya kwanza, 14. Ya pili, 194, baki 8. Ya tatu, 62, nayo hugawanyika kwa 31 bila baki. Basi 31 ni tasa.

Ajabu ni kwamba baki likikataa kuisha, utajua nambari ina wazazi bila kuwajua. Mwaka 1876 Lucas alionyesha kwamba 2 kwa kipeo cha 67, ukitoa 1, si tasa. Wazazi wake, 193,707,721 na 761,838,257,287, walitajwa na Frank Nelson Cole mwaka 1903.

Mwalimu wa Umoja au Kayole asiye na kompyuta na awape wanafunzi wake 127, ambayo ni 2 kwa kipeo cha 7, ukitoa 1. Hatua ni tano. Katika ya mwisho watapata 12,319, ambayo ni 127 mara 97.