Kompyuta ya zamani ya koperative: tubadilishe Windows ao tuiache?

Microsoft iliacha kutegemeza Windows 10 tarehe 14/10/2025. Mashini itaendelea kuwaka, lakini kwa kawaida matundu ambamo virusi hupitia hayazibwi tena.

Windows 11 inaomba memori ya giga 4, nafasi ya giga 64 na chipu ya usalama, TPM 2.0. Kompyuta nyingi za zamani hazina chipu hiyo.

Kama yenu inayo, nakilini kwanza daftari la kilo za kahawa kwenye flashi mbili. Hapa Bunia, muwe pia na jenereta: umeme ukikatika katikati, mashini inaweza kukwama.

Kama haina, msiilazimishe. Itumieni bila intaneti, na flashi za kupita zisiingie humo.

Mashini hununuliwa tena. Kilo za mkulima zikifutika, atalipwa kwa ushahidi gani?