Kuta za London na Zidaka za Pwani

Mtu wa Kisauni akijaaliwa kufika London, asikose kuizuru nyumba ya mchoraji Frederic Leighton iliyoko Holland Park, ambayo kwa nje ni matofali mekundu yasiyomshughulisha mpita njia, ilhali ndani mna Ukumbi wa Kiarabu uliojengwa baina ya 1877 na 1881 kwa ramani ya George Aitchison, aliyeliiga kasri la La Zisa la Palermo: juu kuba la dhahabu, katikati ya sakafu chemchemi ya marmar nyeusi, na kuta zimevikwa vigae vya Dameski vya buluu na kijani, vingi vikiwa vya karne ya 16 na 17. Katika kuvikusanya, Leighton alisaidiwa na msafiri Richard Burton, yule yule aliyetia nanga Mombasa Januari 1857 pamoja na msafiri mwenzake Speke, akapanda hadi Rabai kumwona mmisionari Rebmann.

Fahari ya ukumbi ule siikanushi. Lakini mbele yake moyo wangu uliwaelekea zaidi mafundi wa pwani yetu, waliopamba kwa jiwe na chokaa vilivyotoka papo hapo walipoishi. Vuka daraja la Mtwapa uende Jumba la Mtwana, mji wa karne ya 14, utazame vyumba vyake virefu vyembamba: upana wake uliamriwa na boriti za mikoko, ambazo hazikuweza kuubeba uzito wa dari ya mawe kwa masafa ya zaidi ya mita tatu hivi. Chumba cha namna hiyo, kipatacho nuru kutoka kiwanjani tu, huwa na kiza. Ndipo mafundi wa Lamu, waliojenga vyumba vya namna hiyo hiyo, hasa katika karne ya 18, wakaupamba ukuta wa ndani kwa safu za zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, zenye nakshi za chokaa, weupe wake ukainasa nuru ile haba, na vina vyake vikaufanya ukuta uonekane kama una vyumba vingine nyuma yake. Humo ziliwekwa sahani za Kichina na vyombo vya thamani.

Basi ewe ndugu unayejenga leo Likoni au Changamwe kwa mawe ya timbo, mwambie fundi wako, kabla hajafika kwenye linta, ukuta mmoja wa sebule auzidishe unene na akuachie humo zidaka tatu au nne.