Kichumba kwa kichumba: tujifunze kuchora kwa pikseli, kutia kivuli na kuchagua rangi



Wengi wenu mnakumbuka ile nape ya arusi tuliyoagizwa, yenye mawaridi sita. Tuliidarizi muda wa wiki tatu, mshono wa msalaba mmoja mmoja. Siku ya kuikabidhi, mwenye kuagiza aliikunjua, akarudi nyuma hatua tatu, akaitazama, kisha akasema yeye haoni ua, anaona doa jekundu. Akatuachia nape yetu. Nyuzi tulikuwa tumezinunua kwa zamu ya likelemba ya mama mwenzetu mmoja, na feza zile zilikuwa zinangojea masomo ya binti yake wa sekondari. Jioni ile hakuna aliyepata neno la kusema.

Lazima tukiri kosa lingine. Binti huyo ni mwanafunzi wetu. Wiki chache kabla ya hapo tulimnyang'anya kaye yake ya hesabu, kwa sababu kurasa za nyuma zilijaa vichumba vilivyopakwa rangi. Tuliona ni mchezo wa kupoteza wakati. Baada ya hasara ya nape tuliifungua kaye ile tena. Ndani mlikuwa kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, amechorwa kichumba kwa kichumba, kwa kijivu cha aina tatu tu. Ukiweka kaye mbali kidogo, kasuku anakuwa na tumbo la mviringo kabisa. Rangi tatu za kijivu zilikuwa zimefanya kile ambacho nyuzi zetu zilishindwa kufanya. Tulimrudishia kaye, tukamwomba msamaha mbele ya mama yake, tukamwomba pia atufundishe. Haya ndiyo tuliyojifunza siku nne za posho.

Pikseli ni nini?

Kioo cha telefone kimeundwa kwa nukta ndogo sana zilizopangwa kwa mistari. Kila nukta inaitwa pikseli. Leo nukta ni nyingi hata jicho halizioni, lakini michezo ya zamani ya kompyuta ilikuwa na chache, na wachoraji walilazimika kufikiri juu ya kila moja. Yule fundi Mario, anayejulikana na watoto wengi, alitokea mara ya kwanza mwaka 1981 katika mchezo wa Donkey Kong. Shigeru Miyamoto wa Japani alimvika kofia kwa sababu nywele zilikuwa ngumu kuchora kwa nukta chache, akampa masharubu ili pua ionekane bila kuhitaji kuchora mdomo.

Kuna pia mwanamke wa kukumbuka. Susan Kare, Mmarekani, ndiye aliyechora alama ndogo za kompyuta ya Macintosh iliyotoka mwaka 1984. Alianza kwenye karatasi yenye vichumba, sawa na kaye za watoto wetu. Kila alama ilikuwa na vichumba 32 kwa 32, yaani 1024, na kila kimoja kilikuwa cheusi au cheupe tu.

Kwa hiyo kazi hii si ngeni kwetu. Mshono wa msalaba ni pikseli ya uzi. Na kule Kasai, wanawake wa Wakuba wamedarizi vitambaa vya rafia kwa mistari na pembe tangu zamani, wakihesabu kwa macho na vidole.

Kuanza na tomati moja

Chukua kaye ya hesabu, kalamu ya kreyo na rangi chache. Zungushia eneo la vichumba 16 kwa 16. Hivyo ni vichumba 256, vinatosha kwa kitu kimoja. Usianze na uso wa mtu wala nyumba. Sisi tulianza na tomati.

Kwanza chora umbo la nje tu, kisha ulijaze rangi moja. Mtu akilitazama bila kuambiwa, je, atajua ni kitu gani? Kama hajui, rekebisha umbo kabla ya kufikiri juu ya rangi. Angalia pia mzunguko wake: ngazi za vichumba zipungue kwa utaratibu, kwa mfano vinne, viwili, kimoja, kimoja. Ukiruka kutoka vinne hadi kimoja na kurudi vitatu, tomati itakuwa na vidonda.

Kutia kivuli

Jiulize: mwanga unatoka wapi? Chagua upande mmoja na usiubadilishe. Sisi tuliweka jua juu upande wa kushoto. Basi sehemu kubwa ya tomati inabaki nyekundu ya kawaida. Upande wa chini kulia unapata nyekundu iliyokoza, kwa umbo la mwezi mwembamba. Juu kushoto tunaweka vichumba vichache vya rangi nyepesi, vitatu au vinne vinatosha.

Kosa tulilofanya karibu wote ni kuweka giza pande zote na mwanga katikati. Hapo tomati inafanana na mto wa kulalia, kwa sababu hakuna jua linalowaka hivyo. Weka tomati ya kweli mlangoni asubuhi na uitazame. Itakufundisha kuliko maneno yetu.

Kuchagua rangi

Hapa ndipo nape yetu ilipofia. Tulikuwa tumenunua nyuzi nyekundu za aina mbili, tukadhani inatosha. Binti alipiga picha ya nape kwa telefone, akaiondoa rangi, ikabaki nyeusi na nyeupe. Nyekundu zote mbili zikawa kijivu kilekile! Zilikuwa tofauti kwa jina, lakini mwangaza wake ulikuwa mmoja. Tangu siku ile hatununui uzi bila kufanya jaribio hilo. Asiye na telefone afumbe macho nusu: rangi zikiungana, ziko karibu mno. Na nyuzi zitazamwe nje ya duka, kwenye mwanga wa mchana.

Jambo la pili: kivuli si rangi nyeusi. Ukichanganya nyekundu na nyeusi, tomati inaonekana imeoza. Kivuli cha nyekundu kiende kidogo kuelekea zambarau, na mwanga wake uende kuelekea rangi ya chungwa. Kwa jani la kijani, kivuli kielekee bluu, mwanga uelekee manjano. Sababu ni kwamba mwanga wa jua una umanjano kidogo, na mahali jua lisipofika panapokea mwanga wa anga ya bluu.

Jambo la tatu: rangi chache. Tatu kwa kila kitu zinatosha, na uzi haununuliwi bure. Ukihitaji rangi ya kati, panga vichumba vya rangi mbili kwa kupishana, kama ubao wa kuchezea dama. Jicho la mbali litavichanganya lenyewe. Ndivyo Macintosh ile ya nyeusi na nyeupe ilivyopata kijivu.

Kwa wenye telefone

Ziko programu za bure za kuchora hivi. Piskel, kwa mfano, inafunguka ndani ya intaneti bila malipo, ila tu megabaiti zako zinatumika. Chagua 16 kwa 16 hapo pia. Hifadhi picha kama PNG, maana JPEG inachafua kingo za vichumba. Ukitaka kuikuza, izidishe mara 2, 4 au 8 kamili, ili kila kichumba kibaki mraba. Lakini umeme ukikatika, kaye haizimiki. Anzeni na kaye.

Tulipofika sasa

Tumefumua waridi moja la nape na kulirudia kwa rangi tatu. Limekuwa ua. Matano bado yanangoja, kwa sababu nyuzi zimekwisha. Tumedarizi pia vitambaa vidogo vya meza vyenye tomati, na vinne vimenunuliwa. Feza hizo tumemrudishia mama mwenzetu. Hazijafikia deni lote, na tunamshukuru kwa uvumilivu wake. Binti yuko darasani, na kaye yake ya hesabu sasa ina pande mbili: mbele hesabu, nyuma ndege.

Siku ya posho inayokuja, njoo na mtoto wako, kaye ya vichumba, kreyo na rangi tatu za aina moja: hafifu, ya kati na iliyokoza. Leta pia tunda moja la kutazama. Tutalila tukimaliza.