Ujira wa Usiku na Anayepaswa Kuulipia

Kifungu cha 20 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 huitambua kazi ya usiku kuwa ile inayofanywa baada ya saa 2 usiku na kabla ya saa 12 asubuhi, nacho humtaka mwajiri aongeze angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi, yaani mshahara usiohesabiwa posho, kwa kila saa ya kipindi hicho. Nyongeza hii huchanganywa mara nyingi na malipo ya saa za ziada, ilhali haya hutokana na urefu wa kazi na ile hutokana na wakati wake. Mfanyakazi anayelipwa shilingi 2,000 kwa saa huongezewa shilingi 100 akifanya kazi usiku. Saa hiyo ikiwa pia ya ziada, hulipwa mara moja na nusu, yaani shilingi 3,000, na asilimia 5 hukokotolewa juu ya kiwango hicho, hivyo hustahili shilingi 3,150.

Shilingi 800 kwa saa nane za usiku ni fidia ndogo mno. Ubongo una saa ya mwili, yaani mfumo wa seli unaofuata mwanga na kupanga nyakati za usingizi, joto la mwili na homoni, na anayelala mchana hulala dhidi ya mfumo huo, tena katikati ya kelele na joto. Mwaka 2007 Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani uliiweka kazi ya zamu za usiku katika kundi la mambo yanayoelekea kusababisha saratani, na mwaka 2019 ukaushikilia uamuzi huo. Sheria nayo haikutegemea fedha peke yake: mjamzito aliyebakiza miezi miwili kujifungua hapaswi kupangiwa zamu hiyo.

Katika biashara ya ulinzi, ambamo lindo la usiku ndilo huduma yenyewe, kampuni inayoidhulumu nyongeza hiyo huweza kutoa bei ya chini na kuishinda inayotii sheria. Kwa hiyo ni haki nyongeza hiyo ionekane peke yake katika hati ya mshahara na katika ankara ya mteja, kwa kuwa usiku huo unakeshwa kwa ajili yake. Mteja anayetozwa bei moja kwa lindo la mchana na la usiku na aulize mlinzi wake analipwaje.