Kabla ya kulaumu spika, tazama waya

JIRANI yangu mtaani Buruburu aliweka akiba mwaka mzima akanunua amplifaya na spika mbili kubwa. Jumamosi jioni alitualika kusikiliza. Loo! Taarabu ilisikika kama inatoka ndani ya debe, na besi haikuwepo kabisa.

"Jirani, nimeuziwa takataka," akalalamika. Alikuwa tayari kuzirudisha dukani Jumatatu.

Kosa lilikuwa nyuma ya spika. Kila spika ina sehemu mbili za kuunganishia waya, nyekundu na nyeusi, na amplifaya ni vivyo hivyo. Nyekundu iende kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Yeye alikuwa amegeuza spika moja. Basi moja ikisukuma hewa mbele, nyingine inaivuta nyuma, na sauti nzito zinauana hapo sebuleni. Spika zenyewe ni nzima.

Ikiwa rangi zimefutika, ng'oa waya za spika kutoka kwenye amplifaya, kisha uziguse mara moja tu kwa betri ndogo ya saa ya ukutani. Ngozi ya spika ikiruka mbele, waya ulioguswa na upande wa jumlisha ndio wa nyekundu.

Waya wenyewe nao una mambo yake. Alitumia ule mwembamba wa milimita mraba 0.5, na spika moja ilikuwa mita 10 mbali. Kwenda na kurudi, waya huo una ukinzani wa takriban omu 0.7, na spika yake ni ya omu 8. Mafundi wengi hupenda waya usizidi asilimia tano ya spika, yaani omu 0.4 kwa spika kama hiyo. Waya wa milimita mraba 1.5 kwa umbali huo hauzidi omu 0.25. Lakini kwa anayeishi chumba kimoja, spika zikiwa mita tatu tu, hata ule mwembamba unatosha. Usitishwe na muuzaji anayesifu waya wa bei ya kuvunja mgongo.

Jambo la kuangalia ni shaba. Kwaruza uzi mmoja kwa kisu. Ukiona weupe ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, nayo hupitisha umeme vibaya zaidi. Ukiinunua, chukua iliyo nene kidogo.

Zima amplifaya na uichomoe kwenye stima kabla ya kuunganisha. Menya sentimita moja hivi, usokote nyuzi zote pamoja, na usiache hata unywele mmoja ukining'inia. Uzi mmoja ukigusa nyekundu na nyeusi kwa pamoja unaweza kuunguza amplifaya, na hapo ndipo hasara ya kweli huanza.

Jirani hakurudisha kitu dukani. Siku hizi kilio ni chetu sisi wa ukuta wa pili, maana hazimi hadi saa sita za usiku.